Jirani, punguza besi basi

Jamani hii ya sabufa kwenye nyumba za kupanga imenichosha kabisa. Vyumba sita, bati moja, ukuta wa tofali za inchi tano haujafika hata juu, ukikohoa huku mwenzio anasikia kule, halafu mtu kaweka sabufa sakafuni imebanwa kabisa kwenye ukuta wangu na kafungulia singeli saa tano usiku. Jana nimekaa kitandani naangalia maji kwenye glasi yanatetemeka, vikombe kabatini vinagongana tiki tiki tiki, na mtoto kashtuka mara tatu, mi naamka saa kumi kuwahi gari hapa Kimara, Dar.

Na sio kwamba sipendi muziki, naupenda sana tu. Ila watu wanadhani wakipunguza sauti kidogo inatosha, kumbe kinachopenya zaidi ukutani ni besi, ile sauti nyembamba ukuta unaipunguza. Punguza besi, inyanyue sabufa sakafuni uiweke juu ya kipande cha godoro, isogeze mbali na ukuta, usiku vaa hedifoni. Hayo hayamalizi hela!

Tukisema tunaambiwa tuna roho mbaya, eti kila mtu kalipa kodi. Sawa, na mimi nimelipa ya miezi sita, nayo ni ya kulala. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanapokea malalamiko, lakini nani anataka kumshtaki mtu mnayechota naye maji bomba moja? Nitamgongea leo jioni kabla hajawasha, nimwombe tu kistaarabu.