Singeli mmeipokea, kigodoro mnakionea haya

Siku hizi singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, ina heshima zake. Inapigwa kwenye uzinduzi wa hiki na kile, kwenye kampeni, hata kwenye harusi za ukumbini Mikocheni pale MC anapoona wageni wameanza kusinzia. Waheshimiwa wananyanyuka, wanatikisa mabega mara mbili tatu, wanapigwa picha, wanakaa. Sina ugomvi na hilo. Ila watu haohao ukiwatajia kigodoro, ile sherehe ya mtaani inayokesha mpaka asubuhi, wanakunja uso. Hapo ndipo wananichosha, maana muziki huu umelelewa kwenye vigodoro.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya singeli, uswahilini kulikuwa na mchiriku, ule wa Jagwa Music na wenzao: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika zinazokoroma. Taarabu nayo ilikuwa haikosekani kwenye shughuli za akina mama. Vijana wa Tandale, Manzese na Mburahati wakachukua vipande vya ala kutoka kwenye taarabu, wakavizungusha kwenye kompyuta, wakaongeza kasi, MC akashika kipaza sauti akaanza kumwaga maneno. Kasi ikapanda mpaka leo tunaongelea mapigo 200 hadi 300 kwa dakika.

Nani anacheza mapigo hayo? Chukua 240: hayo ni manne kila sekunde, na hakuna mguu unaoyafuata yote mpaka alfajiri. Mtazame dada aliyejifunga kibwebwe katikati ya duara. Miguu yake inakanyaga pigo moja kati ya manne, taratibu kabisa, magoti yamekunjwa kidogo. Kazi yote ipo kiunoni; kiuno ndicho kinachomaliza yale mengine. Mabega yametulia, uso umenuna, utadhani anasubiri daladala. Duara likibana DJ anakirudisha kile kipande, MC anamwita kwa jina la mtaa wake, mtu anachomoka na noti ya elfu mbili kumtuza. Akipoa, watu wanageuza shingo na DJ anabadilisha haraka. Kwa hiyo kwangu mimi mchezaji ndiye mkaguzi wa biti: likishindwa kumwinua yule dada, halitoki mtaani.

Mwaka 2017 lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso pale Mburahati, na Ulaya ikashtuka. Baadaye vijana kama DJ Travella wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya huko. Wazungu wakaifananisha singeli na gabber, muziki wa kasi wa disko za Rotterdam, na kwa kasi peke yake siwalaumu. Lakini aliyekulia karibu na ngoma za Wazaramo, mdundiko na vanga, anajua kiuno hicho kimetoka wapi. Hata mwali akitolewa, kinachezwa hichohicho, mbele ya mabibi.

Sasa malalamiko. Kelele zipo, na anayetakiwa kuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri ana haki ya kulala. Wezi wapo pia. Na mtoto wa miaka kumi hana shughuli yoyote mbele ya spika saa nane usiku. Hilo ni la mzazi, na mjumbe akiona aseme. Lakini dawa tunayopewa kila mara ni ileile, marufuku, wakati baa yenye ukuta na geti inapiga mpaka kunakucha na hakuna anayewagusa. Mama wa Tandale anayetaka kumwoza binti yake hana hela ya ukumbi. Ukumbi wake ni uchochoro na turubai la kukodi. Mpe kibali chenye saa ya mwisho, asipoifuata mwajibishe, yaishe.

Kinachonikera zaidi ni kinachotokea singeli ikishapanda jukwaani. Yule dada wa katikati ya duara anageuzwa pambo: wanne wamevalishwa sare, wamepangwa nyuma ya msanii wa kiume, wanarudia hatua walizofundishwa juzi. Bango lina jina la msanii, la DJ, la wadhamini. La mchezaji halipo. Lawama za "kuharibu maadili" ndizo zinazomkuta yeye kwanza, sifa zikija anaulizwa wewe nani. Halafu tunashangaa mbona singeli ya ukumbini inapwaya.

Waandaaji nawaomba mambo machache tu. Majina ya wachezaji yaandikwe kwenye bango na malipo yao yawe kwenye mkataba, wasiachiwe za kutuzwa. Na vile viti vya wageni rasmi mnavyovipanga mbele kabisa ya jukwaa, viondoeni. Hapo ndipo panapokaa duara.