Nani anachelewa? Mama mdogo alienda zahanati mara nne

Kila ikifika Oktoba simu inajaa riboni za pinki za kansa ya titi, na kwenye kila posti lazima uikute ile sentensi, "wanawake wengi wanachelewa kufika hospitali." Mwaka jana niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi pale Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, namsubiri mama mdogo atoke kwenye mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi, nikatamani kuirusha simu baharini, na bahari yenyewe ilikuwa hapo hapo ukivuka barabara. Manake huyu mama yangu hakuchelewa. Alienda zahanati mara nne.

Nahadithia kwa ruhusa yake, kasema tu nisitaje jina lake wala la zahanati, basi. Yuko upande wa Handeni, analima na asubuhi anauza maandazi, miaka 47. Alianza kuona damu baada ya kukutana na mumewe. Kidogo tu, doa kwenye kanga. Wiki ile ile akaenda, akaambiwa UTI, akapewa sipro. Baada ya miezi miwili ikawa inatoka majimaji yenye harufu, akarudi, akapewa Flagyl. Mara ya tatu mhudumu akamuuliza kama mume ana mtu nje, wakaandikiwa doksi wote wawili, na huko nyumbani si pakawaka moto, baba mdogo naye anauliza huo ugonjwa umeingilia mlango gani. Mara ya nne, miezi saba toka lile doa la kwanza, akamkuta nesi mgeni kahamishiwa pale, binti mdogo kabisa, na huyo akafanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya mara zote tatu: akamwambia apande kitandani amtazame.

Yaani ni hicho tu. Miezi saba, vidonge vya kila rangi, na hakuna aliyetazama damu inatoka wapi.

Sasa mtu akiniambia tatizo ni uelewa wa wanawake vijijini nachoka. Uelewa alikuwa nao, ndo maana alienda. Tanzania kansa ya shingo ya kizazi ndo inayoongoza kwa wanawake, wagonjwa wapya ni zaidi ya elfu 10 kwa mwaka na wanaofariki ni zaidi ya elfu 6, na kinachoniuma zaidi ni kwamba huu sio ugonjwa wa kuvamia ghafla. Unaletwa na kirusi, HPV, ambacho karibu kila mtu anayefanya mapenzi anakipata wakati fulani na wengi miili yao inakitoa chenyewe. Kikigoma kutoka, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri kinachukua kama miaka 15 hadi 20 mpaka kiwe kansa. Miaka 15! Mtoto anazaliwa anafika kidato cha tatu, na muda wote huo kuna kitu kinaonekana kwa macho ukikitafuta. Mwenye VVU ambaye hajatibiwa muda unakuwa mfupi, 5 hadi 10, na hatari yake ni kama mara sita ya wengine. Jirani yangu anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, alipimwa shingo ya kizazi kabla yangu mimi niliyejiona nimesoma, kwa sababu kule wanamuuliza na mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mimi nilienda kupimwa baada ya mama mdogo kupatikana na kansa, na nasema ukweli, niliahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nikasema nipo kwenye siku zangu (hiyo ni sababu halali, wanakwambia umalize kwanza), mara ya pili nikasema foleni. Uongo. Niliogopa kile kidude cha chuma. Siku yenyewe nimelala, miguu imepanuliwa, taa inaniwakia huko, nesi mtu mzima wa makamo ya mama yangu na nimemwamkia shikamoo dakika mbili zilizopita, ananiambia "kohoa kidogo mwanangu", nikakohoa, kikaingia. Baridi lakini hakiumi, ni kama mtu anakusukuma kwa ndani. Afu chumba kizima kikanuka kachumbari. Kumbe wanapaka siki, asidi ile ile ya siki ya jikoni sema imepimwa, wanasubiri kama dakika moja hivi, sehemu yenye chembechembe zilizoanza kuharibika inageuka nyeupe. Nilihesabu mpaka sitini na kitu nikichungulia kalenda ya ukutani ambayo bado ilikuwa mwezi wa nane. "Uko safi, vaa." Ndo hicho nilichokikimbia miezi mitatu.

Na ungeonekana weupe bado sio kansa, hapa watu wanachanganya sana. Hayo ni mabadiliko ya mwanzo, vituo vingi vyenye hiyo huduma wanakuunguza palepale kwa kifaa cha joto au wanakugandisha kwa gesi, hulazwi, unaondoka na miguu yako. Ila wakikuta kitu ambacho hakikai sawa wanakuandikia rufaa.

Jambo moja ambalo sijaona likisemwa kwenye hizo posti za pinki: siki sio ya kila mtu. Nilimbeba mama yangu mzazi, miaka 61, nikajua namfanyia jambo la maana, nesi akanielewesha kwamba mwanamke akishakoma hedhi ile sehemu wanayoitafuta inarudi ndani, siki haiwezi kuionyesha vizuri, kwa hiyo wa umri wake anafaa zaidi kipimo cha HPV chenyewe, kile cha kuchukua majimaji kwa kijiti. Na hicho kizuri chake mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe, chooni huko, bila taa wala mtu kumtazama. Nikawaza wangapi wangekubali leo leo kama wangejua hilo. Mama mwenyewe swali lake la kwanza lilikuwa "kwa hiyo sivui?"

Maana aibu ipo, sitaki kujifanya haipo. Sisi hata majina ya hizo sehemu hatuyatamki, ni "huko chini", "ukeni huku", "uchafu". Mwanamke anamwambia daktari kijana "tumbo la chini linaniuma" akitegemea amalizie mwenyewe, daktari naye anaandika UTI. Kwenye huo ukimya ndo wameingia wauza dawa wa Instagram, wa "kusafisha kizazi", wa vidonge vya kuweka ukeni vinavyotoa "sumu", na wateja wanapiga picha makamasi yanayotoka wanashukuru. Dada zangu, hiyo inayotoka mara nyingi ni ngozi ya ndani imeungua. Binamu yangu alitumia hivyo vitu miezi minne kwa damu ambayo ilitakiwa kutazamwa siku ya kwanza. Yeye alibahatika, ilikuwa kinyama cha kawaida tu, wakakitoa.

Kwenye titi nako ni hadithi ile ile imevaa nguo nyingine. Mwenzangu wa ofisini, miaka 34, ananyonyesha, akapata uvimbe. Kila mtu, na mhudumu wa kliniki ya mtoto akiwemo, akasema maziwa yameganda. Mama mkwe akamchana titi na kitana, wakamkanda na taulo la moto, na kwa kuwa haliumi wote wakatulia. Hapo ndo tunapotegwa, tumezoea ugonjwa ni maumivu, wakati kansa ya titi ikianza mara nyingi haiumi kabisa. Uvimbe mgumu usiokwenda wala kurudi, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuvutwa ndani, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, huo sio wa kitana. Uvimbe mwingi kwenye matiti sio kansa, na hilo ndo linatakiwa kukupa moyo wa kwenda, ila huwezi kujua kwa kubonyeza, hata daktari hajui kwa kubonyeza. Alipigwa ultrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano. Hapo shangazi zake wakaja juu, eti kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Sijui hii imetoka wapi, nadhani ni kwa sababu watu wengi walikuwa wanakatwa wakiwa wameshachelewa, wakafa, kisu kikabeba lawama. Bila kinyama hawajui hata wakupe dawa gani, maana kuna kansa inayolishwa na homoni, hiyo inatibiwa pia na kidonge cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na kuna isiyojali homoni kabisa. Yeye yake ni ya homoni. Kashatolewa titi, kamaliza dripu za dawa ya kansa, nywele zimerudi na sasa hivi zina mawimbi, anatamba nazo.

Tumbo kujaa kila siku bila sababu, hedhi imekoma miaka halafu ukaona damu hata tone, hizo nazo ni dalili, usisubiri.

Turudi kwa mama mdogo. Majibu yake ya kinyama yalichukua wiki nyingine tano, kilipelekwa mjini, mara karatasi haionekani, mara mtaalamu hayupo. Ikawa hatua ya pili B. Daktari alimchorea kizazi kwenye karatasi kama peasi lililogeuzwa kichwa chini, akamwonyesha ilivyotoka pembeni, ndo maana upasuaji haukufaa tena. Mionzi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki tano, na dripu mara moja kwa wiki, halafu ile mionzi ya ndani. Alikaa kwetu Mbagala, tunatoka saa kumi na moja alfajiri kugombea daladala, na wiki ya tatu alipoanza kuharisha ikawa anabeba kanga ya ziada kwenye mkoba na hataki kukaa siti ya dirishani. Nauli, chakula, maandazi hayauzwi miezi mitatu. Hiyo hesabu hakuna anayeiweka kwenye posti. Kuna nesi mmoja alimkalisha akamweleza mambo ya ndoa baada ya mionzi, njia inavyobana na nini cha kufanya, mama mdogo akaniambia ni mara ya kwanza maishani mtu kuongea naye hayo mambo bila kucheka.

Yupo, anaendelea vizuri, anarudi kliniki kwa tarehe.

Mwaka huu shuleni kwa binti yangu wamekuja na chanjo ya HPV, ana miaka 10, siku hizi ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ilipoanza nchi nzima 2018 zilikuwa mbili. Bibi yake upande wa baba akapiga simu usiku, kasikia inafunga kizazi, mtoto asichomwe. Mume wangu kakaa kimya, mimi nataka kujibu vibaya, mama mdogo alikuwa amelala sebuleni maana kesho yake ana kliniki, akaomba simu.

"Shikamoo mama. Mimi kizazi changu kimeunguzwa na mionzi, hiyo chanjo sikuipata. Sasa hapo nani amefungwa?"

Huko upande wa pili kukawa kimya kirefu, halafu wakaanza kuongelea mahindi. Mtoto alichomwa Alhamisi, akarudi analalamika mkono unauma na anadai soda.