Nani wa kumwambia babu atoke nje?

Kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, zile ambazo vyumba vinatazamana ukumbini, sigara ya mmoja huvutwa na wote. Nyingi hazina dari, na ukuta haufiki kwenye bati. Moshi hupita juu na kumfuata mtoto wa jirani kitandani. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inahusu maeneo ya umma. Ya chumbani wameachiwa wenyewe.

Marekani waliamua kuingia hadi ndani. Tangu Julai 2018, nyumba za serikali wanazopangishwa watu wa kipato kidogo haziruhusiwi kuvutiwa sigara, na anayevuta nje sharti asogee futi 25 kutoka kwenye jengo. Wanaounga mkono wana hoja nzito. Mtoto hakuchagua baba wala chumba, na moshi huo humwongezea pumu, nimonia na maumivu ya masikio. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakuuondoi wote. Wanaopinga nao wasikilizwe: amri hiyo imemshika maskini tu, mwenye nyumba yake haimgusi. Na mpangaji akifukuzwa kwa sababu ya sigara, mtoto tuliyekusudia kumlinda analala wapi?

Mimi naegemea upande wa mtoto, ila si kwa njia ya amri. Kwetu kikwazo kikubwa ni heshima. Mke aliyeolewa juzi atamwambiaje baba mkwe asivutie sebuleni? Atanyamaza, atambeba mwanawe ampeleke uani, na uani kuna jiko la mkaa. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa moshi wa mkaa tunauvuta kila siku, sigara ni jambo dogo. Sikubaliani nao. Kifua kilichokwisha kuchoshwa na mkaa ndicho kisichofaa kuongezewa mzigo mwingine.

Kwa hiyo neno hili litoke kwa mtu ambaye mzee hawezi kumwona mkosefu wa adabu. Muuguzi wa kliniki, mtoto anapopelekwa kupimwa uzito, aulize nani anavuta nyumbani na amwombe mama aje na mvutaji huyo siku nyingine. Mume naye aongee na baba yake mwenyewe, asimwachie mkewe. Babu haambiwi aache leo. Miaka 40 ya sigara haikatiki kwa siku moja. Anawekewa kiti chake kibarazani, mbali na mlango, na kahawa yake analetewa hukohuko.