Mrija wa Moyo Ukiziba: Kisu Tena au Waya?

Wazazi wengi wa Lamu wenye mtoto wa moyo hushuku wanapoambiwa Nairobi kwamba safari hii kifua hakifunguliwi, bali waya utapitishwa kwenye mshipa wa paja na puto dogo lifungue mrija aliowekewa awali, ambao sasa umeziba. Walikwenda kutafuta tiba, wanaona wamepewa kiraka. Madaktari wa upasuaji nao wana hoja zao, na si za kupuuza. Hata hivyo, kwa watoto wa huku kwetu naona waya umeonewa.

Mrija wenyewe ni bomba la plastiki ya Gore-Tex, mara nyingi la milimita 3.5 au 4, linalopeleka damu mapafuni kwa mtoto ambaye njia yake ya asili imebana au haipo. Asili yake ni upasuaji wa daktari Alfred Blalock pale Baltimore, Marekani, mwaka 1944, kwa wazo la Helen Taussig na ufundi wa Vivien Thomas. Huwekwa kwa muda tu, kungojea operesheni inayofuata.

Oksijeni ya mtoto huyu ikiwa asilimia 75 hadi 85, madaktari huridhika. Mwili wake hujitetea kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi, na damu huwa nzito. Ndiyo maana kuhara, ambako kwa mwenzake ni adha ya siku mbili, kwake ni hatari ya kufa. Maji yanampungua, damu inazidi uzito, na aspirini ya asubuhi, inayoizuia isigande ndani ya mrija, ameitapika. Mama anamwona amelegea, hanyonyi, midomo zambarau kuliko jana. Daktari akimsikiliza kifuani, ule mvumo wa damu ikipita mrijani haupo au umefifia. Kama kwao ni Siyu, boti husubiri maji yajae. Kisha Mokowe, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, na Nairobi bado iko mbele. Mwenye uwezo hupanda ndege Manda. Na saa zote hizo donge la damu linakakamaa. Likiwa bichi hulainika kwa dawa na puto, likikaa huwa gumu.

Tuseme ukweli: mrija ukiziba kabisa kwa mtoto asiye na njia nyingine ya damu, safari hiyo haimaliziki. Anayefika hai, mara nyingi mrija umebana tu, au anacho kinjia cha pembeni. Huyo ndiye waya unamfaa hasa. Unapenya kwenye donge, puto linapanuliwa, pengine stenti, kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mrija wazi, inaachwa ndani, na ikifaulu oksijeni huanza kupanda mtoto akiwa bado mezani. Mtoto aliyekauka maji, mwembamba, aliyechoka na njia, anaepushwa kufunguliwa kifua mara ya pili kupitia makovu ya mara ya kwanza, na ndugu hawahangaiki kutafuta wa kumtolea damu.

Sasa upande wa kisu. Siku chache baada ya mrija kuwekwa nyuzi bado ni mbichi, puto laweza kupasua kiungio. Hapo wengi hurudi chumba cha upasuaji, na wana haki. Dawa ya kuyeyusha donge yaweza kuvujisha damu kwingine, hata kichwani. Mshipa wa paja la kichanga nao ni mwembamba, katheta, yaani kimpira chembamba kinachopitishwa humo, yaweza kuuziba. Hoja nzito kuliko zote ni hii: pengine mrija hauna donge lolote, ni mtoto aliyekua ukawa haumtoshi, na anachostahili kupewa ni operesheni yake inayofuata. Kumpanulia mrija ni kumchelewesha.

Nakubali, ila hoja hiyo inaihukumu foleni, haiuhukumu waya. Zamu ya upasuaji ikiwa mbali, mtoto aliyefunguliwa mrija leo ana nafasi ya kunenepa na kuifikia.

Wanaogombania kisu na waya wanaisahau barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Nilizoonyeshwa mimi ziliandika “mtoto amefanyiwa upasuaji wa moyo” na tarehe, basi. Mzazi adai iandikwe upana wa mrija, upande ulikowekwa na kipimo cha aspirini. Puto huchaguliwa kwa kuangalia upana huo. Anayempokea mtoto usiku asipoujua, itabidi aupime kwenye picha, na dawa ya kuonyesha mishipa pichani ni mzigo mwingine kwa figo zilizokwisha kukauka.