Sarafu Adimu, na Swali la Nani Ataitaka

Hadi mwaka 1962, mkusanyaji wa Marekani aliyekuwa na dola ya fedha aina ya Morgan ya 1903, yenye herufi O ya kiwanda cha New Orleans na ambayo haijapita mikononi mwa watu, alijihesabu tajiri. Orodha za bei ziliitaja kwa takriban dola 1,500. Zilikuwa zimefuliwa zaidi ya milioni 4, lakini chini ya Sheria ya Pittman ya 1918 serikali iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, na wengi waliamini kwamba za 1903 ziliishia humo. Mwishoni mwa 1962 Hazina ikafungua magunia yaliyokaa stoo miongo kadhaa. Kumbe zilikuwamo, tena kwa wingi. Bei ikaporomoka hadi makumi machache ya dola.

Kisa hiki husahauliwa na wanaotetea sarafu kama akiba ya muda mrefu. Wao hupenda kutaja dola 20 ya dhahabu ya 1933. Hiyo ilifuliwa vipande 445,500, lakini Rais Franklin Roosevelt aliondoa dhahabu kwenye mzunguko kabla havijatolewa, karibu vyote vikayeyushwa. Kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi. Mwaka 2002 kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 7.59, na 2021 kwa dola milioni 18.9.

Hoja yao haipuuziki. Sarafu ya zamani haifuliwi tena. Mwaka baada ya mwaka nyingine hupotea, nyingine huharibiwa na mtu aliyeisugua ing'ae, nyingine huingia makumbusho isitoke. Wanaoitaka wakiongezeka, bei haina pa kwenda ila juu.

Lakini tukokotoe. Kutoka milioni 7.59 hadi 18.9 kwa miaka 19 ni ongezeko la chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, kabla ya kutoa bima, ulinzi na fungu la wapiga mnada. Na hiyo ndiyo sarafu ghali kuliko zote zilizowahi kupigwa mnada! Dola moja ya fedha ya 1794, ambayo baadhi ya wataalamu wanaamini ni ya kwanza kabisa kufuliwa Marekani, ilinunuliwa Januari 2013 kwa zaidi ya milioni 10. Mwaka 2020 ilirudishwa mnadani, haikufikia bei ya chini aliyoiweka mwenyewe, akabaki nayo. Mwaka 2022 ikauzwa kwa milioni 12. Hiyo ni asilimia 2 hivi kwa mwaka, na katika muda wote huo sarafu haimpi mwenyewe riba wala kodi ya pango.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe, uadimu. Kuna idadi iliyofuliwa, idadi iliyosalia, na idadi ya watu wanaoitaka, na orodha nyingi hutangaza ile ya kwanza tu. Senti ya Marekani ya 1909 yenye herufi S (ya kiwanda cha San Francisco) na VDB (za jina la mchoraji wake) ilifuliwa 484,000, kiasi ambacho si kidogo hata kidogo, lakini ni ghali kwa sababu maelfu ya watu wanaokusanya senti za aina hiyo, zenye sura ya Rais Lincoln, wote wana pengo hilo hilo. Wakati huohuo zipo sarafu za shaba za miji ya Dola ya Kirumi zinazojulikana vipande vichache tu duniani, na huuzwa kwa bei ya kawaida. Watu wanaokusanya sarafu za mji fulani mmoja ni wachache kuliko hata sarafu zenyewe.

Halafu ipo senti 5 ya 1950 kutoka kiwanda cha Denver. Ilifuliwa milioni 2.63 tu, idadi ndogo kuliko zote katika aina yake. Habari zikaenea mapema, watu wakazihifadhi marobota kwa marobota. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bei ikapaa, kisha ikaanguka, maana karibu zote zilikuwa zimehifadhiwa zikiwa mpya. Kwa sababu hiyo nina mashaka makubwa na matoleo maalumu yanayouzwa leo ndani ya boksi lenye cheti. Hakuna anayeyatumia, kwa hiyo hayapungui.

Upimaji wa daraja umeleta faida na hatari pamoja. Tangu 1986 kampuni huru hupima sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki, jambo lililompunguzia mnunuzi hofu ya bandia. Lakini pointi moja huweza kuzidisha bei mara kadhaa, na sarafu iliyo "pekee katika daraja lake" hubaki pekee hadi nyingine ipelekwe kupimwa.

Senti 5 za Marekani za 1913 aina ya Liberty, zenye sura ya mwanamke anayewakilisha uhuru, zinajulikana tano tu. Moja ilikaa kabatini kwa familia takriban miaka 40, kwa sababu mtaalamu aliitazama akasema ni bandia. Mwaka 2003 zile nne zikakutanishwa Baltimore, hiyo ya tano ikawekwa kando yao, ikathibitishwa kuwa halisi. Miaka 10 baadaye iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.1. Ilipokuwa kabatini, zilikuwa tano vilevile.