Kasha Zuri, Diski Isiyosoma: Matoleo Maalumu ya 2024 kwa Mkusanyaji wa Dodoma

Kila mwisho wa mwaka hutoka orodha za matoleo maalumu ya filamu: kasha la chuma, kijitabu cha kurasa themanini, kadi za picha, diski tatu. Wanaoziandika wengi wako Marekani au Uingereza, na diski ikifika mlangoni inaingia kwenye deki na inasoma. Mkusanyaji wa Area C au Nkuhungu, mitaa ya hapa Dodoma, ana swali la kuuliza kabla ya hayo yote: hii kitu itacheza kwangu? Kwa msimamo wangu, toleo lisilocheza hapa halistahili kuitwa bora, hata kasha lingekuwa la namna gani.

Tatizo kubwa ni maeneo. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili diski ya upande mmoja isisome kwenye deki ya upande mwingine. Kwenye DVD, Tanzania iko eneo la 5, Uingereza la 2 na Marekani la 1. Kwa kuwa deki nyingi za DVD za bei nafuu zinasoma maeneo yote, watu wengi hawajawahi kukwama na hawajui kama kizuizi kipo. Wanakutana nacho wakihamia Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD. Huko sisi tuko eneo B pamoja na Ulaya, na Marekani iko eneo A. Ukiweka diski ya eneo A kwenye deki ya eneo B, utaona ujumbe mfupi kwenye skrini na basi. Kuisafisha hakusaidii, wala kuizima deki na kuiwasha tena. Diski za 4K UHD, zenye picha kali kuliko Blu-ray na zilizoanza kuuzwa 2016, hazina maeneo kabisa.

Chaguo langu la kwanza kwa 2024 limo ndani ya mtego huo huo wa maeneo. Kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa kasha la filamu tatu za Ousmane Sembène wa Senegal: Emitaï ya 1971, Xala ya 1975 na Ceddo ya 1977. Kwa msomaji wa Kiafrika hakuna toleo la mwaka ule linalolifikia hili. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kabla hajashika kamera, na Xala aliitoa kwanza kama kitabu. Wahusika wake wanazungumza Kiwolof, Kidiola na Kifaransa, na lugha anayoichagua mtu katika tukio fulani inakuonyesha anasimama upande gani. Kwenye kopi chafu, iliyorekodiwa mara ya tatu au ya nne, sauti hizo huchanganyika na maana nusu hupotea. Kwa miaka mingi filamu hizi zilipatikana kwa shida, hivyo kuziona zikiwa safi ni jambo la kushukuru.

Lakini Blu-ray za Criterion za Marekani ni za eneo A. Ukilinunua kasha hili na deki ya kawaida ya eneo B, umenunua pambo. Suluhisho ni deki iliyofunguliwa maeneo yote, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya deki ya kawaida, na hapo kuna jambo la pili la kuangalia. Geuza deki usome kibandiko cha nyuma kabla hujaichomeka. Kikiandika 100–240V, uko salama. Kikiandika 120V peke yake, umeme wetu wa 230V utaiunguza pale pale. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi. Hapo unahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Toleo la pili ni la Seven Samurai ya Akira Kurosawa, filamu ya 1954 yenye dakika 207, iliyotolewa kwa 4K kutimiza miaka 70. Kulikuwa na matoleo mawili makubwa, la Criterion na la BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Wakusanyaji wa nje walibishana kuhusu michoro ya kasha na vijitabu. Kwa mtu wa Dodoma ubishi haupo: chukua la Uingereza. Diski ya 4K ya Criterion itacheza popote, ila Blu-ray zinazofuatana nayo, zenye mahojiano na nyongeza, ni za eneo A. Yaani filamu utaiona, na zile nyongeza zilizokufanya ulipie toleo maalumu utabaki kuzisoma mgongoni mwa kasha.

La tatu ni North by Northwest ya Alfred Hitchcock, iliyotolewa na Warner Bros. kwa 4K mwishoni mwa 2024. Kasha lake ni la kawaida sana, na bado naliweka juu kuliko mengi yaliyopambwa, kwa sababu ya chanzo cha picha. Filamu hiyo ya 1959 ilipigwa kwa VistaVision, mfumo ambao filamu ya milimita 35 hupita kamerani kwa ulalo, na kila picha huchukua matundu manane ya pembeni badala ya manne. Eneo la picha ni kama mara mbili ya la kawaida au zaidi. Ukiskani negativu ya namna hiyo unapata ukali wa picha ambao hauhitaji kuongezwa chumvi na kompyuta. Ukiwa na TV nzuri utaona hadi nyuzi za kitambaa cha suti.

Upande wa pili kuna True Lies ya James Cameron, iliyotoka 2024 kwa 4K. Nailalamikia kwa sababu fedha hazikuwa tatizo. Picha ilipitishwa kwenye programu inayojifunza yenyewe kuondoa chembechembe na kukisia kilicho chini yake. Matokeo ni nyuso laini kama nta, nywele zilizochorwa upya, na kingo zenye ukali usio wa kweli. Chembechembe za filamu si uchafu. Ndizo picha yenyewe: alama za mchanga wa madini ya fedha ulioshika mwanga siku ile. Ukiziondoa zote unaondoa na vinyweleo vya ngozi. Kabla hujanunua toleo lolote linalojinadi kwenye kasha kuwa picha imeboreshwa upya, tafuta picha za mfano uangalie masikio na nywele za mtu aliyesimama mbali kidogo na kamera. Programu hizi huharibikiwa hapo kwanza.

Kuhusu vifaa niseme kwa kifupi. TV ya inchi 32 yenye mistari 768 haitakuonyesha tofauti ya 4K. Nunua Blu-ray ya kawaida, hela inayobaki ongezea filamu nyingine. Ukiwa na TV ya 4K, deki lazima iwe ya UHD, kwa maana deki ya Blu-ray ya kawaida haisomi diski hizo, na waya wa HDMI uwe unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Waya dhaifu hujionyesha kwa vinukta vyeupe vinavyometameta au skrini kuzima kwa sekunde moja moja. Watu wengi hudhani diski ni mbovu.

Sasa vumbi. Dodoma ina miezi kama saba ya ukavu, na kuanzia Juni upepo huingiza vumbi hata pale ulipodhani pamezibwa. Hewa kavu inaleta shida nyingine: plastiki ya diski ikisuguliwa hushika chaji ya umeme, na vumbi hulivuta kwake. Ndiyo maana diski uliyoifuta kwa kitambaa kikavu inaonekana chafu zaidi baada ya dakika tano. Tumia maji safi na tone moja la sabuni ya vyombo, suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaoukata mzunguko unaharibu kipande kidogo tu, na deki huweza kukijaza kwa hesabu zake za kurekebisha makosa. Mkwaruzo unaoufuata mzunguko unafuta data nyingi mfululizo, na hesabu hizo zinashindwa.

Dawa ya meno, ambayo mafundi wengi huisifia, ina nafasi yake kwenye DVD peke yake. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, na data iko katikati, hivyo kuna unene wa kusugua. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka uso unaosomwa, chini ya rangi ngumu ya kinga. Ukiisugua hiyo, umeua diski. Na kwenye CD hatari iko upande wa maandishi, kwa kuwa data imelala chini ya rangi ya maandishi tu. Wengi hulaza CD kwa upande huo wakidhani wanauokoa ule unaong'aa.

Deki ikianza kuchoka kwa vumbi, haiachi kusoma ghafla. DVD yenye tabaka mbili, ile ya GB 8.5, huganda karibu na katikati ya filamu, mahali ambapo mwali wa leza unahama tabaka. Ukiona filamu mbili au tatu tofauti zikiganda eneo hilo, acha kulaumu diski, safisha lenzi.

Kisha kuna mchwa. Waandishi wa nje hawamtaji kabisa, na hapa ndiye adui mkubwa wa toleo maalumu, maana thamani yake nusu iko kwenye karatasi: kasha la kadibodi, kijitabu, bango lililokunjwa. Rafu ya mbao iliyogusa ukuta inamtosha kupanda usiku mmoja. Weka rafu ya chuma, iache nafasi ya sentimita tano kutoka ukutani, na usipange kitu kwenye daraja la chini kabisa. Kasha la chuma hapa lina raha yake, kwa kuwa ukavu wetu hauliletei kutu kama unyevu wa pwani. Linachoogopa ni kubonyea njiani. Mzigo ukifika posta, utikise taratibu kabla ya kufungua. Ukisikia kitu kinacheza ndani, diski imechomoka kwenye kishikio na kila mtikiso unaikwaruza. Katika bajeti weka pia VAT ya 18%, na ukumbuke kuwa kodi za forodha huhesabiwa kwenye bei ukiongeza usafiri na bima.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye rafu hiyo hakuna nafasi iliyojazwa na filamu zetu kwa heshima hiyo. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012, na kazi za kizazi chake ziliuzwa kwa mafungu, sehemu ya kwanza na ya pili, kisha zikaishia kwenye diski za filamu kumi kwa moja. Piga hesabu: GB 4.7 ukigawa kwa kumi ni kama MB 470 kwa filamu, sawa na nusu megabiti kwa sekunde kwa filamu ya saa mbili. DVD ya tabaka mbili yenye filamu moja inatoa zaidi ya megabiti 9.

Kulitengeneza toleo la heshima hakuhitaji mitambo ya Marekani. Kanda za MiniDV, kanda ndogo za kamera za kidijitali zilizotumika sana miaka ya 2000, zina GB 13 kwa saa moja. Filamu yenye kanda ishirini za saa moja moja ni GB 260, inaingia kwenye diski kuu ya kawaida na nafasi inabaki. Kinachotakiwa ni kamera ya zamani inayofanya kazi, waya wa FireWire, unaohamisha data ya kidijitali ilivyo, na kompyuta yenye tundu lake. Usinakili kwa waya wa njano, nyeupe na nyekundu, kwa kuwa huo unaigeuza picha kuwa ya analogi na kuipunguza ubora. Kanda iliyokaa miaka mingi iviringishe hadi mwisho na kurudi mara moja kabla ya kuicheza. Picha ikipasuka vibokisi, simamisha, safisha kichwa cha kamera, urudie kipande hicho. Mfumo wa PAL, ule wa video za kwetu, uache ulivyo, picha 25 kwa sekunde. Hifadhi kopi mbili kwenye diski kuu mbili, na moja isilale nyumba moja na kanda. Kasha na kijitabu vitafuata.