Sensei Kasema "Kata", Nami Nikakata

Jioni yangu ya kwanza ya iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, ilikuwa Kyoto. Nikaazimwa iaito, upanga wa mazoezi usio na makali, pamoja na hakama, ile suruali pana yenye marinda ambayo ukiiona kwa mbali utaapa ni sketi. Treni ilikuwa imeniacha, nikaivaa chooni mbiombio.

Tukakaa seiza: magoti chini, makalio juu ya visigino. Haikuchukua dakika 5, miguu ikafa ganzi. Sensei, mzee mpole wa miaka 70 na ushei, akakohoa kidogo, akaanza: "Kata..."

Jamani. Kwa Kijapani kata ni umbo, mfuatano wa miondoko uliokwisha kupangwa. Zile za Shirikisho la Kendo la Japani ziko 12. Nilishasoma yote hayo. Ila mkono wangu ni wa Tanga, ukiambiwa kata, unakata. Nikachomoa.

Kata ya kwanza inaitwa Mae, yaani mbele. Adui wa kufikirika amekaa mnatazamana. Unachomoa na kumfyeka kwa mkupuo mmoja, huku mguu wa kulia ukiutupa mbele. Nikautupa. Haukwenda. Kumbe kule chooni niliingiza miguu yote miwili upande mmoja wa hakama, ule wa pili unaning'inia mtupu kama soksi kwenye kamba. Nikaenda kifudifudi, puu! Pua sakafuni, upanga umenyooka mbele. Adui hakupata hata mkwaruzo.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Sensei akachuchumaa kando yangu, akajipigapiga chini ya kitovu, akasema taratibu: "Hara. Hara."

Hara ni tumbo. Wanasema nguvu ya pigo hutokea huko. Nalo nilishalisoma. Lakini kuamriwa hivyo hadharani, umelala chini na miguu imefungana! Kicheko kikanishika, na kila nilivyocheka naye alidhani sijasikia, akapandisha sauti: "Hara!"

Usiku wa manane, Tanga bado jioni, nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mazoezi yalikwendaje?"

Nikamsimulia mwanzo mwisho. Akanyamaza kidogo.

"Hukuhara lakini?"

"Sikuhara, mama."

"Afadhali. Nguo yenyewe ya kuazima."